Salio la kweli: jinsi ya kuepuka makato ya ovadrafti kwenye akaunti ya benki Marekani

Benki nyingi za Marekani bado zinatoza dola 35 hivi kila malipo yanapopita kwenye akaunti isiyo na pesa za kutosha. Tozo hiyo, ndiyo iitwayo ya ovadrafti, haijali umepungukiwa kiasi gani. Kahawa ya dola 4 na bili ya umeme ya dola 140 zinaweza kukatwa faini ileile. Kwa mtu anayelipwa dola 17 kwa saa kwenye ghala au kiwanda cha nyama, faini moja inakula zaidi ya saa mbili za kazi ukishatoa kodi, na mara nyingi haiji peke yake.

Hakuna sheria ya nchi nzima inayoweka kikomo cha tozo hiyo. Desemba 2024, CFPB, ofisi ya serikali inayolinda wateja wa huduma za fedha, ilitoa kanuni ambayo ingezibana benki kubwa zitoze dola 5 tu, au kiasi cha kufidia gharama zao, la sivyo zifuate sheria za mikopo. Bunge likaifuta, na Rais akatia saini Mei 2025 kabla kanuni haijaanza kutumika. Kwa hiyo ulinzi wako uko kwenye mambo mawili: aina ya akaunti uliyofungua, na hesabu unayoiweka mwenyewe.

Wengi wanaokatwa si watumiaji ovyo. Wamefungua simu, wameona pesa ipo, wametumia. Namba waliyoiona ilikuwa sahihi kwa benki, ila haikuwa pesa yao yote ya kutumia. Sehemu yake ilikuwa imeshaahidiwa kwingine.

Namba mbili kwenye simu, na ya tatu ambayo haionekani

Ukifungua programu ya benki utakuta namba mbili. Iliyoandikwa "Current Balance" ni salio la vitabuni: pesa iliyomo kabla ya kutoa malipo yanayosubiri. Iliyoandikwa "Available Balance" ni salio linalotumika: kinachobaki baada ya benki kutoa malipo inayoyajua lakini hayajapita, pamoja na pesa inazozishikilia. Benki nyingi huamua kukutoza kwa kuangalia hii ya pili. Hii ya kwanza usiitumie kuamua chochote.

Lakini hata hiyo ya pili ina pengo, kwa sababu benki haiwezi kutoa kitu isichokijua. Haijui hundi uliyomwandikia mlezi wa watoto jana, ambayo bado iko kwenye mkoba wake. Haijui kwamba kampuni ya simu itavuta dola 65 Jumanne. Haijui kwamba mafuta uliyojaza ni ya dola 46, maana pampu iliomba dola 1 tu kuhakikisha kadi ni nzima.

Namba ya tatu ndiyo tunayoiita salio la kweli: salio linalotumika, ukitoa kila ulichokwisha ahidi kabla ya mshahara ujao. Namba hii haipo kwenye simu yoyote. Unaitengeneza wewe.

Tuchukue mfano wa Alhamisi moja. Simu inaonyesha dola 612, na mshahara unaingia Ijumaa ya wiki ijayo. Kabla ya hapo kuna: umeme dola 94 (unajikata Ijumaa hii), hundi ya mlezi dola 310, simu dola 65, usajili wa filamu dola 12, na mafuta yaliyobaki kukatwa dola 45. Jumla ni dola 526. Salio la kweli ni dola 86.

Mtu huyo anaona 612, anatuma nyumbani 150. Ijumaa mafuta na umeme vinapita, zinabaki 323. Jumatatu mlezi anaweka hundi, zinabaki 13. Jumanne simu na filamu zinavutwa pamoja, akaunti inashuka hadi hasi 64, na benki inaongeza faini mbili za dola 35. Jumatano asubuhi akaunti ni hasi 134. Alipungukiwa dola 64, akatozwa dola 70. Angetuma dola 80 Alhamisi na 70 zilizobaki Ijumaa ya mshahara, asingetozwa hata senti.

Hatua ya kwanza: ondoa ruhusa ya ovadrafti kwenye kadi

Fanya hili leo, kabla ya kununua daftari la hesabu la hatua ya pili. Tangu 2010, kanuni ya serikali kuu iitwayo Regulation E inakataza benki kukutoza ovadrafti kwa manunuzi ya mara moja ya kadi ya debiti na kwa kutoa pesa kwenye ATM, isipokuwa wewe mwenyewe ulikubali. Wengi walikubali siku ya kufungua akaunti bila kujua. Ofisa huuliza kama ungependa benki "ikusaidie" kadi isikataliwe dukani, na mtu aliye mgeni wa Kiingereza na wa mfumo hujibu ndiyo.

Ruhusa hiyo unaweza kuiondoa wakati wowote. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, tafuta neno "Overdraft", zima huduma ya kadi ya debiti na ATM. Usipoiona, piga namba iliyo nyuma ya kadi au nenda tawini. Unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili, na baadhi ya benki humpata kwa simu. Omba uthibitisho wa maandishi na uutunze. Kuanzia hapo, pesa isipotosha, kadi itakataliwa dukani bila faini.

Kuwa mwangalifu na mpaka wa ulinzi huu. Hauhusu hundi, hauhusu malipo yanayovutwa kwa namba ya akaunti, na hauhusu malipo ya kadi yanayojirudia kila mwezi kama gym au usajili wa filamu. Ndiyo maana mtu kwenye mfano wetu angetozwa hata kama alishaondoa ruhusa. Hayo daftari pekee ndilo litakalokuokoa nayo.

Ukiwa kwenye mipangilio hiyohiyo, angalia kama unaweza kuunganisha akaunti ya akiba ili ifidie upungufu. Benki nyingi hazitozi kwa uhamisho huo, chache hutoza. Soma kabla ya kukubali, na hakikisha hujaunganishiwa mkopo au kadi ya mkopo yenye riba badala ya akiba.

Hatua ya pili: daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la dola 1 linatosha, au ukurasa wa hesabu kwenye simu, au kile kijedwali kinachokuja ndani ya kitabu cha hundi. Chagua kile ambacho utakuwa nacho mfukoni ukiwa kaunta.

Chora safu sita: tarehe, nani kalipwa, kilichotoka, kilichoingia, salio, na safu nyembamba ya alama ya vema. Kuanza, chagua asubuhi moja. Andika salio linalotumika juu ya ukurasa. Kisha fungua miamala ya siku 60 zilizopita, utafute hundi ulizoandika ambazo hazijapita, na uzitoe moja moja. Hundi ya zamani usiisamehe. Benki hailazimiki kulipa hundi iliyopita miezi sita, lakini inaweza kuilipa, kwa hiyo ibaki daftarini mpaka aliyeandikiwa akuhakikishie kuwa ameichana.

Kanuni ni moja: pesa inatoka daftarini siku unapoahidi, na inaingia daftarini siku inapofika. Hundi inaandikwa ukiwa unaisaini. Ununuzi unaandikwa kabla hujawasha gari. Pesa unayotuma nyumbani unaiandika pamoja na ada yake, siku unapobonyeza, hata kama benki itaikata kesho kutwa. Mshahara hauandikwi mpaka uuone umeingia, hata kama mwajiri amekwisha kukutumia karatasi ya malipo.

Wapo wanaoshauri kupandisha kila matumizi hadi dola nzima, 23.18 iwe 24, ili zibaki chenji za kukulinda. Sisi hatulipendi. Mwisho wa wiki daftari halilingani na benki, na hujui kama tofauti ni ya chenji au ni kosa. Andika senti zote, halafu weka kinga ya wazi: siku ya mshahara, toa dola 100 daftarini kama vile umezilipa, ziache kwenye akaunti, uzisahau. Kama 100 ni nyingi kwa sasa, anza na 20 kila mshahara mpaka zifike.

Mume na mke wenye akaunti ya pamoja wanahitaji daftari moja, siyo mawili. Asiye nalo atume picha ya risiti kwa mwenzake palepale dukani. Akaunti ya pamoja ikiingia hasi, benki inaweza kumdai yeyote kati yao deni lote.

Hatua ya tatu: kalenda ya vinavyojikata

Pitia miamala ya miezi mitatu na uandike kila kinachojikata chenyewe: jina, kiasi, tarehe. Miezi mitatu, kwa sababu bima ya gari au huduma ya maji inaweza kuja kila robo mwaka. Angalia hasa majaribio ya bure yaliyoisha na kugeuka ya kulipia, na manunuzi ya kulipa kidogo kidogo yanayovutwa kila wiki mbili. Hayo ya wiki mbili ndiyo huwapotosha watu, kwa kuwa hayana tarehe ya mwezi ya kudumu.

Kisha weka kalenda hiyo kando ya siku za mshahara. Ukiona kodi ya nyumba, umeme na bima vimerundikana ndani ya siku nne, piga simu. Kampuni nyingi za umeme, simu na bima zinakubali kuhamisha tarehe ya bili ukiomba. Lengo ni bili kubwa zije siku 2 au 3 baada ya mshahara, siyo siku ileile, maana mshahara unaweza kuchelewa kwa siku moja ya sikukuu.

Kuhusu wikiendi: malipo yanayovutwa kwa namba ya akaunti hayapiti Jumamosi, Jumapili wala sikukuu za serikali kuu. Bili za tarehe 5, 6 na 7 zikiangukia wikiendi ndefu, zinaweza kushuka zote kwa pamoja asubuhi ya siku ya kwanza ya kazi. Jumapili simu inaonyesha pesa nyingi. Jumanne zimekwisha.

Ukitaka kusimamisha malipo yanayojirudia, iambie kampuni, na uiambie benki pia angalau siku 3 za kazi kabla ya tarehe. Benki inaweza kutoza kwa amri ya kusimamisha, kwa hiyo uliza kiasi kwanza.

Pampu, mgahawa na hoteli

Kadi ya debiti ina tabia yake kwenye sehemu tatu, na unapaswa kuzijua kwa namba.

Kwenye pampu ya mafuta, mashine haijui utajaza kiasi gani. Nyingine huomba dola 1, nyingine hushikilia hadi dola 175 hata kama umejaza za dola 30. Kinachoshikiliwa huachiwa baada ya saa chache au siku kadhaa, na wakati huo salio linalotumika liko chini kuliko daftari lako. Tiba ni rahisi: ingia ndani, mwambie mwenye kaunta "dola 30 pampu namba 4", ulipe hapo. Kitakachokatwa ni 30.

Mgahawani, kadi inapitishwa kwanza kwa bei ya chakula, kisha bakshishi uliyoandika kwenye karatasi inaongezwa baadaye. Chakula cha dola 40 kinaonekana 40 usiku huo na 48 siku mbili baadaye. Andika 48 daftarini ukiwa bado mezani.

Hoteli na kukodi gari hushikilia dhamana juu ya bei yenyewe, na inaweza kukaa siku kadhaa baada ya kuondoka. Uliza kiasi kabla ya kutoa kadi. Kama salio lako ni la kubana, hapa ndipo mahali pa kutotumia kadi ya debiti kabisa.

Kuna hali moja inayouma zaidi: kadi inapita pesa ikiwepo, halafu siku malipo yanapotimia pesa imekwisha kwa sababu hundi ilitangulia. Mpangilio ambao benki inatumia kupitisha malipo ya siku moja uko kwenye mkataba wa akaunti, na una uzito. Zamani benki kadhaa zilipitisha malipo makubwa kwanza ili pesa iishe mapema na yale madogo mengi yatozwe kila moja. Mwaka 2010 mahakama ya shirikisho huko California iliiamuru Wells Fargo kurudisha dola milioni 203 kwa wateja kwa sababu hiyo. Uliza benki yako: mnapitisha kipi kwanza, na mnatoza mara ngapi kwa siku?

Pesa iliyoingia lakini haijaingia

Mshahara unaotumwa moja kwa moja kwenye akaunti ndio wa kutegemewa kuliko njia nyingine zote. Hundi ni jambo jingine. Ukiiweka dirishani siku ya kazi, kwa kawaida benki lazima ikuachie dola 275 za kwanza siku ya kazi inayofuata (kiwango hiki ni cha tangu tarehe 1 Julai 2025, awali kilikuwa 225), na zilizobaki baadaye. Akaunti yenye chini ya siku 30, au hundi kubwa, inaweza kusubirishwa zaidi. Ukiiweka kwa kupiga picha na simu, fuata masharti yaliyoandikwa pale unapobonyeza, hasa saa ya mwisho. Ukiiweka usiku wa Ijumaa, inahesabiwa ya Jumatatu.

Na pesa ya hundi ikishaonekana kutumika, bado hundi yenyewe inaweza kurudi bila kulipwa hata baada ya wiki. Benki itachukua pesa yake, na pengo litakuwa lako. Matapeli wanaishi humo: anakupa hundi kubwa, anakuomba umtumie sehemu yake. Usitume.

Hatua ya nne: arifa, na dakika 15 za Jumapili

Weka arifa tatu kwenye programu. Salio likishuka chini ya dola 150. Kila malipo yanayozidi dola 1. Na kila pesa inayoingia. Kiwango cha 150 kimepangwa juu ya ile kinga ya 100 ili upate onyo kabla kinga haijaguswa. Kwa makato makubwa yanayokuja, weka kikumbusho kwenye kalenda ya simu siku 3 kabla.

Arifa haichukui nafasi ya daftari. Inakuambia pesa imekwenda. Daftari linakuambia pesa itakwenda.

Jumapili jioni linganisha. Kila muamala uliopita benki, weka vema daftarini. Vilivyobaki bila vema ndivyo vinavyosubiri: vijumlishe, ongeza na ile kinga, kisha ujumlishe yote na salio la daftari. Jibu linapaswa kuwa sawa na salio la vitabuni. Lisipolingana, angalia ile tofauti yenyewe. Ikigawanyika kwa 9 bila baki, huenda umegeuza tarakimu, 54 ukaandika 45. Ikiwa ni mara mbili ya kiasi fulani cha daftarini, huenda umejumlisha kitu cha kutoa. Ikiwa sawa na muamala ambao huutambui, piga benki usiku huohuo, kwa sababu inaweza kuwa wizi wa kadi.

Akaunti ikishaingia hasi

Kasi ndiyo muhimu. Benki kadhaa hazitozi ukirudisha akaunti juu ya sifuri kabla ya siku ya kazi kufungwa, au ukiwa umepungukiwa kwa dola chache tu. Kiasi na saa viko kwenye jedwali la tozo. Hamisha kutoka akiba, au peleka taslimu tawini. Mtu anayekutumia kutoka benki nyingine atumie njia ya papo hapo, maana uhamisho wa kawaida utachukua siku.

Ukishatozwa, piga simu siku hiyo. Usieleze mambo mengi. Sema: nimeona tozo ya ovadrafti ya tarehe fulani, naomba mnirudishie, akaunti yangu sasa iko sawa. Kwa mara ya kwanza mara nyingi wanakubali. Zikiwa tatu, omba zote, na wakikubali moja, uliza ya pili. Andika jina la uliyezungumza naye na saa.

Usiitelekeze akaunti hasi ukaenda benki nyingine. Ikifungwa na deni, taarifa inaweza kupelekwa ChexSystems, kampuni inayotunza rekodi za akaunti zilizofungwa na deni, na kukaa huko hadi miaka 5, na benki mpya zinaweza kukukatalia kwa ajili ya dola 90 za zamani.

Kama imekuchosha, badili akaunti

Capital One na Citibank ziliondoa tozo za ovadrafti mwaka 2022. Bank of America mwaka huohuo ilishusha yake kutoka dola 35 hadi 10. Pia kuna akaunti zenye alama ya Bank On, zinazotolewa na benki na vyama vya akiba vingi: sharti lake ni kutokuwa na tozo ya ovadrafti kabisa, na za kufungulia hazizidi dola 25. Nyingi hazina kitabu cha hundi, jambo ambalo kwa anayelipa kwa kadi ni nafuu. Kwa familia iliyofika juzi, hii ndiyo tungependa waanze nayo.

Ukihama, usifunge ya zamani haraka. Peleka mshahara kwenye mpya kwanza, hamisha malipo yanayojikata moja moja ukitumia ile kalenda yako, na uache dola 200 kwenye ya zamani kwa miezi miwili. Hundi ya mwisho ikishapita na mwezi mzima ukaisha bila kitu chochote kuvutwa, nenda tawini, chukua kilichobaki, na udai barua inayosema akaunti imefungwa ikiwa na sifuri.